Namna ya Kuchagua Injini ya Sedani Ndogo ya Kifahari kwa Barabara za Arusha na Moshi

Anayetafuta BMW 3 Series, Mercedes-Benz C-Class, Audi A4, Lexus IS au ndugu wa Lexus, Toyota Mark X, huulizwa na dalali mambo mawili: rangi anayoipenda na fedha aliyonayo. Swali litakaloamua kama bado atalipenda gari lake baada ya mwaka mmoja huachwa nyuma, nalo ni injini gani imelala chini ya boneti. Jina moja nyuma ya gari, kwa mfano 320i au C180, limebeba injini tofauti kabisa kadiri miaka ilivyopita, na baadhi ya injini hizo hudumu wakati nyingine humaliza akiba ya mwenye gari. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mnunuzi wa Arusha au Moshi anaweza kuutumia kuanzia siku anapowaza kununua hadi sevisi ya kwanza, na msimamo wake ni mmoja: chagua injini kwa namba yake, kisha chagua gari linaloibeba.

Hatua ya kwanza: pima njia zako na mwinuko unaoishi

Mkazi wa Njiro anayekwenda mjini na kurudi, akisimama kwenye foleni na kuvuka matuta, anahitaji injini tofauti na mfanyabiashara wa Moshi anayepanda Arusha mara kwa mara, mwendo wa takriban kilomita 80, au anayeshuka Dar es Salaam kila mwezi. Andika kwenye karatasi kilomita unazotembea kwa mwezi, ukitenganisha za mjini na za barabara kuu. Tuseme ni kilomita 1,200. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 150, na linalokwenda kilomita 11 kwa lita litakunywa takriban lita 109. Zidisha tofauti hiyo ya lita 41 kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huo, kisha kwa miezi kumi na miwili, nawe utaona kwamba kwa baadhi ya watu silinda sita ni anasa inayolipika, na kwa wengine ni kodi ya nyumba ya pili.

Jambo la pili la kupima ni mwinuko, ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu asilimia moja kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. BMW 325i ya mwaka 2006, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 218, hapa Arusha hubaki na takriban 190. Injini yenye tabo hupoteza kidogo sana, kwa kuwa tabo huishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Ndiyo maana 320i mpya zaidi yenye tabo na nguvu 184 huwa sawasawa na ile ya silinda sita kwenye mlima wa Ngaramtoni, ingawa kwenye karatasi inaonekana dhaifu. Kwa upande mwingine, 320i ya zamani ya lita 2 isiyo na tabo, yenye nguvu 150, hubaki na kama 130, na mwenye nayo hulazimika kukanyaga mafuta hadi sakafuni kila anapotaka kulipita lori.

Hatua ya pili: itambue injini kwa namba, usiitambue kwa jina

Kwa Mercedes, tarakimu tatu za kwanza za namba ya injini hutaja ukoo wake: 271, 272, 274, 651 na kadhalika. Kwa BMW, injini huwa na msimbo kama N46, N52, N20 au B48, nao unaweza kupatikana kwa kuingiza tarakimu na herufi saba za mwisho za namba ya chasisi kwenye katalogi yoyote ya spea za BMW mtandaoni. Kwa magari ya Kijapani kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa namba ya chasisi yenyewe inasema: GSE20 na GSE30 ni IS250 ya kizazi cha pili na cha tatu, AVE30 ni IS300h ya haibridi, ASE30 ni IS200t, na GRX120 na GRX130 ni Mark X za lita 2.5.

Umuhimu wa hatua hii unaonekana vizuri kwenye C180. Ile ya mwili wa W204, uliotoka mwaka 2007, huweza kuwa na injini yenye kompresa inayozungushwa na mkanda, au ile iliyofuata yenye tabo na sindano zinazopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Ile ya mwili wa W205, ulioanza mwaka 2014, ina injini ya M274 ya lita 1.6 yenye tabo. Ni magari matatu yenye jina moja, na kila moja lina ugonjwa wake. C200 nayo haiko nyuma: kwenye W205 ilianza na lita 2, kisha maboresho ya mwaka 2018 yakaipa injini ya lita 1.5 inayosaidiwa na mfumo wa umeme wa volti 48. Muuzaji anayesema tu kwamba gari ni "C200 safi" hajakwambia kitu.

Hatua ya tatu: zijue injini na maisha ya wanaozimiliki

BMW. Injini ambayo ningeitafuta kwanza katika 3 Series ya mwili wa E90 ni N52, yaani silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyomo kwenye 323i na 325i za awali. Haina tabo, haina sindano za ndani ya silinda, na bloku lake limetengenezwa kwa magnesi na alumini, hivyo ni jepesi. Ulaini wake wa kuzunguka ndio unaowafanya wenye nayo wasikubali kuliuza gari. Gharama zake zinajulikana mapema: gasketi ya tapeti kava na ile ya kikalio cha chujio la oili huvuja umri ukisogea, na pampu ya maji ya umeme hufa bila kutoa taarifa ya maana. Mwenye N52 mwenye busara huibadilisha pampu hiyo pamoja na thamostati kabla haijafa, kwa sababu ikifia kwenye mteremko wa Kikafu usiku, bei ya kulivuta gari itakuwa imeshaila nusu ya bei ya pampu. N52 haina dipstiki. Kiwango cha oili husomwa kwenye dashibodi, na fundi asiyelijua hilo hujaza oili kwa kukisia.

N46 ya 320i za E90 siipendekezi kwa mtu wa Arusha. Mbali na udhaifu wake mlimani, sili za vali zake huchakaa na kuanza kupitisha oili, nao moshi wa bluu humfuata mwenye gari kila anapotoka kwenye taa za barabarani.

F30, mwili uliofuata, ililetwa na N20 ya lita 2 yenye tabo. Inakwenda vizuri, inanywa kwa adabu na inafaa mwinuko wetu, lakini viongozi vya plastiki vinavyoishika cheni ya taimingi vilikuwa dhaifu katika injini zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2015. Vikivunjika, vipande vyake huangukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na cheni hubaki inachapa. Ikiruka, vali hugongana na pistoni. Sauti ya kutahadhari ni mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Nunua N20 ukiwa na uthibitisho kwamba cheni na viongozi vyake vimebadilishwa, au ukiwa umeshaitenga gharama hiyo kwenye bei. Kuanzia maboresho ya mwaka 2015 injini ya B48 ilianza kuingia mahali pake, nayo ni bora kwa kila kipimo ninachokijua. Kwa kuwa mabadiliko hayakutokea kila soko kwa siku moja, gari la 2015 au 2016 lisikadiriwe kwa mwaka. Lithibitishwe kwa msimbo. Giaboksi ya ZF ya gia nane iliyomo kwenye F30 ni miongoni mwa vitu bora ndani ya gari hilo, na mtengenezaji wake anashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, hata kama kitabu cha gari kinadai oili hiyo ni ya maisha yote.

Mercedes-Benz. M271 yenye kompresa ni injini ya mtu mvumilivu. Haikimbii sana, lakini mafundi wengi wameshaifungua na kuifunga, na spea zake za mtumba zinapatikana. Cheni yake nyembamba hutanuka, na gia za kamshafti huchakaa pamoja nayo. Mlio wa mnyororo kwa sekunde moja au mbili gari linapowashwa asubuhi likiwa baridi ndio ushahidi. Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo isipotazamwa huleta hasara kubwa: sumaku za kamshafti huvujisha oili kupitia soketi zao, na oili hiyo husafiri ndani ya nyaya hadi kwenye kontroli boksi. Kuchomoa soketi na kuangalia kama imelowa ni kazi ya dakika mbili. Kwenye W204 ongeza pia kufuli ya usukani ya umeme, ambayo mota yake ndogo huchoka. Siku ikichoka, ufunguo huingia lakini hauzunguki, na gari hubaki pale lilipo hadi apatikane mtu mwenye mashine ya kuliprogramu upya.

W205 yenye M274, iwe C180 au C200, ndiyo Mercedes ninayoiona inafaa zaidi kwa mazingira haya. Tabo yake huamka mapema, hivyo gari halichoki likipanda kutoka Moshi kuja Arusha, na ndani ya gari kuna utulivu ambao F30 haina. Nayo husikika ikitoa mlio mfupi wa gia za kamshafti asubuhi, na mlio huo usipuuzwe. Epuka zile zenye suspensheni ya mifuko ya hewa badala ya springi isipokuwa mfuko wako mwenyewe ni mkubwa kuliko ile ya gari.

Audi. Hapa nitasema machache. A4 ya mwili wa B8 yenye injini za lita 1.8 na 2 za TFSI, hasa za miaka ya mwanzo, ina ringi za pistoni zinazopitisha oili na kikazio cha cheni kisichoaminika, na tiba kamili ya ulaji wa oili ni kubadilisha pistoni na ringi. Zile zinazoendesha magurudumu ya mbele mara nyingi zina giaboksi isiyo na gia za hatua, inayotumia cheni ya chuma, iitwayo Multitronic, ambayo mafundi wanaoiweza ni wachache. Ni gari zuri la kukaa ndani, na bei yake ya kununulia huwa ya chini, jambo ambalo lina sababu.

Lexus na Mark X. Injini ya 4GR-FSE ya silinda sita, lita 2.5, ndiyo iliyomo kwenye IS250 na kwenye Mark X nyingi zinazopita Sakina na Tengeru. Haina tabo, cheni yake haisumbui, na fundi yeyote aliyezoea Toyota hataiogopa. Udhaifu wake mkuu ni kwamba petroli hupulizwa ndani ya silinda tu, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, na masizi hujijenga juu yake hadi injini inaanza kutetemeka gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Safari za mjini zisizoipasha injini moto sawasawa huongeza tatizo, na safari ndefu hulipunguza. Masizi yakizidi, hukwanguliwa kwa kufungua njia ya hewa. Usikubali kuuziwa chupa ya dawa ya kumwaga kwenye tangi kama tiba, kwa sababu dawa hiyo haipiti kwenye vali hizo. Injini ya lita 3.5, yaani 2GR-FSE, ina sindano za aina zote mbili na imeepuka tatizo hilo, ingawa pampu ya kituo cha mafuta utaizoea kwa jina.

Kuhusu petroli, liangalie jambo hili kwa makini. IS250 na Mark X ya kwanza zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake huwa karibu na 100, na mgandamizo wa injini ni mkubwa, wa 12 kwa 1. Mark X ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2009, ilirekebishwa katika lita 2.5 ili itumie petroli ya kawaida ya huko, yenye oktani karibu na 90, na nguvu zake zikashuka kutoka 215 hadi 203. Kwa anayejaza mafuta Boma Ng'ombe au Himo bila uhakika wa kilichomo tangini, punguzo hilo la nguvu ni biashara nzuri.

IS300h ya haibridi inamfaa mtu wa foleni za mjini kuliko zote, kwa kuwa mwendo wa kusimama na kuondoka ndipo injini yake ya lita 2.5 inapopumzika na umeme unapofanya kazi. Adui yake hapa ni vumbi. Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia matundu yaliyo karibu na kiti cha nyuma, na njia hiyo ya hewa ikiziba kwa vumbi la kiangazi, betri huchemka na kuzeeka kabla ya wakati. Mwambie fundi aisafishe kila sevisi, hata kama anaona ni kazi ya kufagia.

Dizeli. 320d na C220 zinakwenda mbali sana kwa lita moja, na nguvu yake ya kuvuta kutoka chini inazifanya ziwe tamu kwenye milima. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati injini hizi zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zilikusudiwa dizeli yenye sehemu 10. Anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara kuu hukipa kichujio hicho joto la kujisafisha. Anayeishia Clock Tower na kurudi nyumbani hukiziba. Zaidi ya hayo, N47 ya BMW, hasa za mwaka 2007 hadi 2011, ina cheni dhaifu iliyowekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, kiasi kwamba kuibadilisha kunahitaji kushusha giaboksi au mashine nzima. Hiyo iache kabisa.

Hatua ya nne: piga hesabu ya kodi kabla ya kuagiza

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kiwe cha kwanza kufunguliwa. Injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na ya zaidi ya cc 2,000 asilimia 10. Wengi hukimbilia lita 2 kwa sababu hiyo peke yake, wakisahau kwamba umri una uzito mkubwa zaidi: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Kwa hiyo 320i ya zamani huweza kulipiwa asilimia kubwa zaidi kuliko IS300h ya miaka saba, ingawa ya pili ina cc 2,493. Viwango hivi hupitiwa katika kila bajeti ya Juni, hivyo hesabu ya mwaka jana isitumike mwaka huu. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari iliyokuwa ikipangwa kwa ukubwa wa injini ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta, jambo linalomrudisha kila mtu kwenye karatasi yake ya hatua ya kwanza.

Hatua ya tano: mpate fundi kabla ya gari

Nenda Unga Limited, au kwenye gereji za Moshi unazoziamini, ukiwa na msimbo wa injini mkononi na si jina la gari. Muulize fundi maswali mawili: amewahi kubadilisha cheni ya injini hiyo, na anatumia mashine gani kuipima. Mashine ya jumla husoma injini tu, tena kwa juujuu. Anayeijua BMW atataja ISTA, wa Mercedes atataja Xentry, wa Audi VCDS, na wa Toyota Techstream. Fundi anayejibu kwamba magari yote ni sawa ni mtu mwema, lakini mpelekee gari lingine.

Spea za Mark X zinapatikana mjini siku hiyo hiyo. Za Kijerumani mara nyingi husubiri basi la kutoka Dar es Salaam au Nairobi, na siku hizo za kusubiri ziwe sehemu ya uamuzi wako kama gari ni moja tu nyumbani na watoto wanalitegemea kwenda shule. Faida yake ni kwamba watengenezaji waliovipatia viwanda vya Kijerumani vifaa vyao huviuza pia bila nembo ya gari kwa bei nafuu: Mann na Mahle kwa vichujio, Lemförder kwa bushi na mikono ya magurudumu, Sachs kwa shokapu, Pierburg kwa pampu ya maji ya N52. Taja majina hayo dukani, la sivyo utapewa kilicho karibu na mkono wa muuzaji.

Hatua ya sita: likague gari likiwa baridi, kisha lipandishe mlima

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti; kama kuna joto, rudi kesho yake. Fungua kifuniko cha oili na uangalie chini yake: tope jeusi linaonyesha sevisi zilizorukwa. Fungua kifuniko cha kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini: ukikuta maji ya bomba yenye kutu, umeshaelezwa namna gari lilivyotunzwa. Kisha liwashwe huku wewe umesimama mbele, ukisikiliza zile sekunde mbili za kwanza ambazo cheni iliyochoka haiwezi kuficha. Liache lingurume kwa dakika kadhaa, halafu mtu alikanyage mara moja huku ukitazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe usiokwisha na wenye harufu tamu ni kulanti.

Safari ya majaribio isiishie kuzunguka mtaa. Aliyeko Moshi alipeleke Himo na kupanda Marangu, na aliyeko Arusha apande Ngaramtoni kwenye barabara ya Namanga, akiwa amewasha kiyoyozi na kubeba abiria. Mwinuko huu huibua matatizo ya mfumo wa kupoza ambayo Dar es Salaam hayaonekani, kwa sababu maji hapa huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95, na kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko kizima cha rejeta. Kifuniko kilicholegea, ufa mdogo kwenye tangi la plastiki, au thamostati iliyotolewa na fundi aliyetaka kukwepa tatizo, vyote huonekana mlimani. Kwenye kushuka, sikiliza giaboksi inavyorudisha gia. Mshtuko kati ya gia ya tatu na ya pili kwenye W204 ya gia saba huelekeza kwenye bamba la umeme lililo ndani ya giaboksi.

Mwisho wa safari ndipo upimaji wa mashine ufanyike, si kabla. Muuzaji aliyefuta makosa asubuhi atakuonyesha kompyuta isiyo na kosa lolote, lakini fundi mzuri ataona kwamba vipimo vya ndani bado havijakamilika tangu kufutwa, na hilo peke yake ni jibu. Kwa gari lililoagizwa, dai hati ya mnada wa Japani na ulinganishe kilomita zake na za dashibodi; kwa gari lililokwisha kusajiliwa nchini, angalia kwa namba ya usajili kama kuna faini za polisi ambazo hazijalipwa, kwa sababu deni hilo litakusumbua wewe.

Hatua ya saba: kilomita elfu za kwanza

Hata muuzaji akiapa kwamba sevisi imefanyika jana, badilisha oili na vichujio vyote. Kinachotakiwa kusomwa kwenye kopo si uzito wa oili peke yake, kwa mfano 5W-30 au 5W-40, bali kibali cha kiwanda: LL-01 kwa BMW za petroli nilizozitaja, 229.5 kwa Mercedes za M271 na M274, 502 00 kwa Audi. Ratiba ndefu za Ulaya za kilomita 25,000 zisahauliwe. Kwa vumbi, foleni na petroli yetu, kilomita 7,000 hadi 8,000 ni kikomo cha heshima kwa injini yenye tabo. Kulanti itolewe yote na iwekwe ya aina inayotakiwa, ikichanganywa na maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke, wala si ya bomba, ambayo madini yake huganda ndani ya mifereji myembamba ya rejeta.

Matairi ya BMW nyingi ni yale yanayoweza kutembea hata yakiisha upepo, na kwa sababu yake gari halina tairi la akiba. Kuta zake ngumu huupeleka mgongoni kila mfereji ulio kati ya Usa River na uwanja wa ndege wa KIA, na rimu za inchi 18 hupinda kwenye mashimo. Rudi kwenye rimu za inchi 16 au 17 zinazoruhusiwa kwa gari lako, weka matairi ya kawaida yenye ukuta mrefu, na ubebe tairi la akiba na jeki kwenye buti. Usilinyanyue gari kwa kuweka vipande kwenye springi. Pembe za magurudumu huharibika na bushi hukatika mapema. Tuta likizidi kimo, lipite kwa upande, gurudumu moja kwa wakati.

Fungua daftari. Andika kila mara unapoongeza oili, kiasi ulichoongeza na kilomita zilizosomeka. Injini iliyokuwa ikila nusu lita kwa kilomita 5,000 na sasa inakula lita nzima imeanza kuomba fedha, na daftari hilo litakuonyesha mapema kuliko taa yoyote ya dashibodi. Siku utakapoliuza gari, liweke mezani pamoja na risiti za cheni, pampu na oili ya giaboksi, na usishushe bei kabla mnunuzi hajaisoma kurasa zake.